Virukanjia wawili wa Rwanda: namna ya kuwatofautisha kwa sauti, kwa mkia na kwa mahali

Giza linapoingia juu ya vilima vya Rwanda, dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni, ndege wa mchana hunyamaza na wengine wachache huamka. Miongoni mwa hao wachache wamo virukanjia, ndege wa rangi ya majani makavu ambao hulala chini mchana kutwa na kuwinda wadudu usiku. Dereva anayepita barabara ya msituni huwaona kama jozi ya makaa mekundu yanayong'aa kwenye lami, kisha kivuli kinachoinuka ghafla mbele ya taa za gari na kutoweka.

Kwa wengi, habari ya kirukanjia huishia hapo. Lakini Rwanda ina zaidi ya aina moja ya ndege hao, na wawili kati yao wanafanana kiasi kwamba hata mtu aliyezoea kutazama ndege anaweza kusimama mbele yao na kushindwa kuamua. Mmoja ni kirukanjia wa milimani, ambaye wanasayansi humwita Caprimulgus poliocephalus. Mwingine ni kirukanjia mkia-mraba, Caprimulgus fossii. Makala haya yanaeleza wanavyofanana, wanavyotofautiana, na kwa nini tofauti hiyo ina uzito kwa nchi yenye watu wengi na misitu michache.

Ni ndege wa namna gani?

Virukanjia ni familia yenye takriban spishi 100 duniani kote. Jina lao la Kiswahili limetokana na tabia yao ya kutua njiani usiku na kuruka mtu anapokaribia. Mitaani jina hilo hilo limegeuzwa kuwa tusi kwa mwanamke anayedhaniwa kuzurura usiku. Nalo jina la kisayansi la jenasi yao, Caprimulgus, ni la Kilatini na maana yake ni "mkamua mbuzi". Katika Ulaya ya kale watu waliamini kuwa ndege huyu huingia zizini usiku na kunyonya maziwa ya mbuzi. Hakuna ukweli katika imani hiyo. Ndege huyu huyafuata mifugo kwa sababu mifugo huvuta wadudu.

Watu wengi humchanganya na bundi kwa kuwa wote wawili ni wa usiku. Bundi, hata hivyo, ana makucha ya kukamatia panya na mdomo uliopinda wa kuraria nyama. Kirukanjia ana miguu mifupi na dhaifu, na mdomo mdogo sana ukitazamwa umefumbwa. Unapofumbuka, huwa mpana kupita matarajio, ukipasuka hadi chini ya macho. Kwa spishi nyingi, kingo zake zimezungukwa na vinyoya vigumu mithili ya sharubu. Kwa kinywa hicho ndege hukamata nondo, mbawakawa na kumbikumbi wakiwa angani.

Macho yake makubwa yana utando wa ndani unaoakisi mwanga, ndiyo sababu hung'aa yanapomulikwa. Ukucha wa kidole chake cha kati una meno madogo kama ya kitana, na hutumika kuchania manyoya. Hajengi kiota. Jike hutaga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu au juu ya majani makavu, kisha huyaatamia bila kusogea.

Sifa hizi zote ni za virukanjia wetu wawili kwa pamoja. Wote wana urefu wa karibu sentimita 23 au 24. Wote wana mchanganyiko wa kahawia, kijivu, nyeusi na rangi ya udongo. Mtu akiokota unyoya mmoja wa mgongoni bila kujua ulikotoka, atapata shida kubwa kusema ni wa nani.

Mpiga filimbi wa milimani

Kirukanjia wa milimani ni ndege wa nyanda za juu. Nchini Rwanda anapatikana kwenye kingo za msitu wa Nyungwe kusini-magharibi na kwenye milima ya volkano kaskazini. Nje ya Rwanda, jamaa zake wanaenea katika milima ya Uganda, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na Ethiopia, ambako ndiko spishi hiyo ilikoelezwa kwanza na wanasayansi katika karne ya 19.

Hapendi kukaa ndani kabisa ya msitu mnene. Makazi yake ni pale msitu unapopakana na uwazi: kando ya barabara, kwenye nyasi za juu, katika mashamba yaliyozungukwa na miti, na hata katika bustani za miji ya nyanda za juu kama Nairobi. Huimba akiwa juu ya tawi, nguzo, paa au ardhini.

Rangi yake ni ya giza kumzidi mwenzake. Mgongo una weusi mwingi, na shingoni kwa nyuma pana ukosi wa rangi ya kutu unaoonekana vizuri anapogeuza kichwa. Anaporuka, dume huonyesha weupe mwingi pembeni mwa mkia, kwa kuwa manyoya mawili ya nje ya kila upande yana eneo kubwa jeupe. Jike ana weupe pia, ila mdogo zaidi.

Sauti yake ndiyo utambulisho wake. Ni filimbi nyembamba na ya juu yenye sehemu mbili. Ya kwanza huvutwa na kushuka kidogo. Ya pili hutetemeka kabla ya kufifia. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mtu anayepuliza filimbi kwa mbali, kwa huzuni.

Kuna mjadala mmoja ambao msomaji anafaa kuufahamu. Ndege wa milima ya Rwanda, Uganda na Kongo ni wa kundi lililopewa jina la Rwenzori, mlima ulioko mpakani mwa Uganda na Kongo. Baadhi ya wataalamu wamelihesabu kundi hilo kuwa spishi kamili, Caprimulgus ruwenzorii; wengine huliona kuwa tawi la kirukanjia wa milimani. Kwa hiyo kitabu kimoja na kingine vinaweza kumtaja ndege huyo huyo kwa majina mawili. Katika makala haya tunamwita kirukanjia wa milimani.

Mngurumaji wa nyanda za chini

Kirukanjia mkia-mraba ni ndege wa nchi iliyo wazi. Nchini Rwanda mahali pake hasa ni mashariki, katika nyasi na vichaka vya Hifadhi ya Taifa ya Akagera, yenye maziwa na vinamasi mpakani mwa Tanzania. Katika bara la Afrika ameenea mno: kuanzia Gabon, alikopatikana ndege wa kwanza kuelezwa kisayansi, hadi pwani ya Afrika Mashariki na kusini hadi Afrika Kusini. Hupenda ardhi ya mchanga, nyasi fupi, mashamba yaliyolala na kando za maji.

Rangi yake imepauka ikilinganishwa na ya mwenzake wa milimani. Dume ana mstari mweupe kwenye ukingo wa nje wa mkia, mfano wa pindo la nguo, badala ya eneo pana jeupe. Bawa lake lililokunjwa lina ufito mweupe, na anapolikunjua huonekana pia ukingo mweupe upande wa nyuma. Kwa jike, sehemu hizo huwa na rangi ya udongo wa manjano. Ncha ya mkia imekatika sawasawa, na hapo ndipo lilipotoka jina la mkia-mraba.

Lakini anayemtafuta kwa macho anajipa kazi bure. Ndege huyu hutoa mngurumo mrefu usio na pumziko, unaoweza kuendelea kwa dakika nzima na zaidi. Katikati ya mngurumo mwendo hubadilika: unakwenda kasi, kisha unapungua, kisha unarudi juu, kama gari linalobadilisha gia kwenye kilima. Mara nyingi huuimba akiwa ameketi ardhini, na wasioujua hudhani ni chura au mdudu.

Tofauti kwa ufupi

Sauti: wa milimani hupiga filimbi ya sehemu mbili, ya pili ikitetemeka, mkia-mraba hunguruma mfululizo kwa kasi mbili zinazopokezana.

Mkia wa dume: wa milimani ana eneo kubwa jeupe katika manyoya mawili ya nje kila upande, mkia-mraba ana ukingo mweupe mwembamba.

Bawa lililokunjwa: mkia-mraba dume ana ufito mweupe wazi, wa milimani hana ufito wa namna hiyo.

Rangi ya jumla: wa milimani ni mweusi-kahawia mwenye ukosi wa kutu, mkia-mraba amepauka zaidi.

Mahali: wa milimani yuko nyanda za juu, kwenye kingo za misitu, mkia-mraba yuko nyanda za chini, kwenye nyasi, mchanga na kando za maji.

Kigezo cha mwisho kinahitaji tahadhari. Rwanda inaanzia chini ya mita 1,000 katika bonde la Rusizi hadi mita 4,507 katika kilele cha Karisimbi. Kwenye ncha hizo mbili hakuna ubishi. Lakini sehemu kubwa ya nchi, Kigali ikiwemo, iko katika mwinuko wa kati, karibu mita 1,500. Hapo mwinuko peke yake hauwezi kuamua, na msikilizaji anarejea kwenye sauti.

Isitoshe, hao wawili hawako peke yao. Rwanda ina pia kirukanjia mabega-meusi, Caprimulgus nigriscapularis, na kirukanjia wa miamba, Caprimulgus tristigma. Yupo vilevile mgeni wa msimu, Caprimulgus vexillarius, ambaye dume wake, katika majira ya kuzaliana, huota unyoya mmoja katika kila bawa unaopita urefu wa mwili wake mzima. Huyo ndiye pekee anayeweza kutambuliwa na mtoto. Waliobaki wote huvaa sare moja.

Sare hiyo ina kazi gani?

Kufanana kwao si bahati mbaya. Ndege anayelala ardhini mchana, katikati ya nyoka, nguchiro, nyani na ndege wa mawindo, hana ukuta wala mlango. Kinga yake ni kutoonekana. Rangi ya udongo na majani makavu imechongwa kwa vizazi vingi na macho ya wale wanaomwinda: aliyeonekana aliliwa, na aliyesalia aliacha watoto waliofanana naye.

Utafiti uliofanywa kusini mwa Zambia na kuchapishwa mwaka 2016 ulipima jambo hilo kwa kamera zilizorekebishwa ili kuiga uoni wa wanyama wawindaji. Miongoni mwa ndege waliochunguzwa alikuwamo kirukanjia mkia-mraba. Watafiti waligundua kuwa kwa ndege wanaokimbia mapema hatari inapokaribia, usalama wa mayai ulitegemea mayai yenyewe kufanana na ardhi. Kwa virukanjia, ambao hubaki wameyafunika hadi dakika ya mwisho, ulitegemea manyoya ya mzazi. Kwa maneno mengine, kirukanjia ni blanketi la kuficha watoto wake, na blanketi hilo hufanya kazi mradi asisogee.

Ndege waliolazimika wote kufanana na ardhi wanaishia kufanana wao kwa wao. Lakini gizani bado wanapaswa kutambuana, ili dume wa milimani asipoteze usiku wake akimwimbia jike wa spishi nyingine. Kazi ambayo ndege wengine huifanya kwa rangi, virukanjia huifanya kwa sauti na kwa vipande vyeupe vya mkia na bawa, ambavyo hufichwa ndege anapoketi na kufunuliwa anaporuka. Ndiyo maana vigezo vyetu vya kuwatofautisha ni vile vile wanavyovitumia wao.

Gharama ya kutojua sauti

Kwamba sauti ni muhimu si nadharia tupu. Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Itombwe, mkoa wa Kivu Kusini. Mwaka 1955 alipatikana huko kirukanjia mmoja jike. Mwili wake ulihifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, ukikaa miongoni mwa maelfu ya ndege wengine wa Afrika ya Kati. Mwaka 1990, miaka 35 baadaye, mtaalamu wa ndege Michel Louette alitangaza kuwa jike huyo si wa spishi yoyote iliyojulikana. Alimpa jina Caprimulgus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza ndege wa mashariki mwa Kongo.

Jike huyo aliyekufa hakuacha wimbo. Anayeingia Itombwe kumtafuta anaingia bila kujua kwa hakika asikilize nini, katika milima ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa na makundi yenye silaha. Zimewahi kurekodiwa sauti za virukanjia zinazodhaniwa kuwa zake, lakini dhana si ushahidi.

Ethiopia ina kisa kinachokaribia hicho. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa katika uwanda wa Nechisar walimkuta njiani kirukanjia aliyekufa, na kitu pekee kilichofaa kuhifadhiwa kilikuwa bawa moja. Mwaka 1995 bawa hilo lilitosha kutangaza spishi mpya, Caprimulgus solala, jina lenye maana ya "bawa pekee".

Visa hivyo viwili vinaonyesha hali ambayo virukanjia wetu wa Rwanda wameiepuka kwa kuwa nyimbo zao zinajulikana. Hawako katika hatari ya kutoweka duniani. Lakini hesabu yao inategemea masikio. Mhifadhi anayetaka kujua kama kingo za Nyungwe bado zina virukanjia wa milimani hawezi kuwahesabu mchana. Hupita usiku, husimama kila baada ya umbali fulani, husikiliza kwa dakika chache na kuandika. Akichanganya sauti, ripoti yake itasema spishi moja inaongezeka ilhali inapungua.

Usiku unaobadilika

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13.2, zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Katika nchi kama hiyo kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na ndege anayetaga chini hushindana na jembe, moto wa nyasi, mbwa na kwato za ng'ombe.

Misitu iliyobaki imepewa ulinzi wa kisheria. Nyungwe, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,000, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwezi Septemba 2023. Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934 na kupunguzwa sana mwaka 1997 ili kuwapa makazi wakimbizi waliorejea, leo ina kilomita za mraba zipatazo 1,120 na imezungushiwa uzio upande wa magharibi. Hata hivyo, ulinzi wa mipaka hauzuii kila kitu. Barabara kuu ya kuelekea Rusizi inapita katikati ya Nyungwe, na kirukanjia anayetua kwenye lami hupigwa bumbuazi na taa za gari. Kupunguza mwendo usiku msituni ni jambo dogo ambalo lina maana kwake.

Hatari nyingine ni chakula chenyewe. Virukanjia hula wadudu tu, na mahali ambapo dawa za kuua wadudu zinatumika kwa wingi, nondo na mbawakawa hupungua kabla mkulima hajaona tofauti yoyote kwa ndege. Taa za barabarani nazo zina pande mbili: huvuta nondo na hivyo huwapa virukanjia mahali pa kuwinda, lakini huwaleta karibu na magari, paka na watu.

Kuna pia hofu ya binadamu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ndege anayelia usiku juu ya paa huhesabiwa kuwa mleta nuksi, na jiwe hurushwa kabla ya swali kuulizwa. Filimbi ya kirukanjia wa milimani, inayosikika kutoka kwenye nguzo ya uzio gizani, imepata lawama isiyo yake. Anayelia pale ni dume anayetafuta mwenza na kulinda eneo lake.

Namna ya kuwasikiliza

Si lazima kuwa na darubini. Saa nzuri ni nusu saa ya kwanza baada ya jua kuzama na nusu saa ya mwisho kabla ya mapambazuko. Usiku wa mbalamwezi ni bora zaidi, kwa kuwa virukanjia huwinda kwa macho na huimba zaidi mwezi unapoangaza. Simama ukingoni mwa msitu au shamba, zima tochi, na upe masikio dakika kumi. Ukisikia filimbi inayoshuka na kutetemeka, au mngurumo unaobadilisha kasi, umepata jibu bila kumwona ndege.

Rekodi ya simu ya mkononi inatosha. Andika tarehe, saa, mahali na mwinuko. Rekodi hizo zinaweza kulinganishwa na zile zilizomo katika maktaba ya sauti za ndege ya xeno-canto, iliyofunguliwa mwaka 2005 na inayotumiwa bure kupitia intaneti, au kupelekwa eBird, ambako watafiti huzitumia kuchora ramani za spishi. Wataalamu wanaonya jambo moja: usimpigie ndege rekodi ya wimbo tena na tena ili kumvuta karibu. Dume huamini kuwa mpinzani ameingia eneo lake, na huacha kula ili kumkabili asiyekuwepo. Ukimkuta ameatamia mchana, rudi nyuma kwa njia uliyojia, kwa kuwa akiinuka mayai hubaki wazi.

Kwa sehemu kubwa ya nchi, hasa mashamba na vilima vilivyo nje ya hifadhi, rekodi za usiku bado ni chache kuliko za mchana. Mwalimu wa Musanze, mvuvi wa ziwa Ihema au mlinzi wa lindo la usiku jijini Kigali anaweza kuongeza taarifa ambayo msafara wa siku tatu hauwezi kuipata, kwa sababu yeye yuko pale kila usiku, mwaka mzima.